Picha ya Wanyonya Damu na Sufuria ya Baba

Njeri, mdogo wangu, ana tabia moja ambayo sijawahi kumwambia vile inanitesa. Kila Disemba akitoka kwake Pipeline kuja kuniona hapa Huruma, hupitia kwanza Soko la Burma. Akifika ghorofa yangu ya nne akihema, hata kabla hajaniamkia, anatoa kwenye kikapu gazeti lililolowa mafuta na kulifungua juu ya meza. Mutura. Mikunjo miwili ya utumbo wa mbuzi, umejazwa nyama na damu na pilipili, umechomwa makaa mpaka ukapasuka ubavuni, na pale ulipopasuka damu iliyoiva imetokeza nyeusi kama kigaga cha kidonda. Wajukuu wangu huirukia kama paka. Mimi huinuka nikaenda dirishani.

"Shosho, wewe ni Mkikuyu wa wapi hukulangi mutura?" huniuliza.

Huwa najibu ni presha, daktari alikataza. Uongo. Daktari hajui hata kama niko duniani. Ukweli ni kwamba ile harufu ikinifika puani, mate yanajaa chini ya ulimi, yale mate membamba yanayotangulia kutapika. Ni hivyo tangu nikiwa msichana mdogo. Na Njeri, ambaye hajui chochote, ndiye alikuwa katikati ya mambo yenyewe.

Mimi shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mtu asinitafutie hapa maneno ya vitabuni. Naandika vile ninavyoongea, na nikipotea njia nitarudi.

Tulikaa nyumba za kaunsil, zile za baraza la jiji, chumba kimoja, kutoka kwetu mpaka Burma ni mwendo wa kuimba wimbo mmoja wa kanisani ukaisha. Chumba kiligawanywa na pazia la maua ya buluu. Upande wa ndani ni kitanda cha baba na mama, upande wa nje ni jiko, meza, na mkeka wangu. Baba alifanya kazi kwenye bucha moja hapo Burma, lakini si ya kukata nyama, hiyo ilikuwa ya wakubwa. Yeye aliosha matumbo na kutengeneza mutura. Kucha zake zilikuwa na kijani kisichotoka hata kwa sabuni ya mche. Akirudi jioni, harufu ilitangulia kona, na mimi nilikuwa naikimbilia! Nilikuwa nalamba vidole vyake. Nikikumbuka hilo pia, naenda dirishani.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, na shule zilipofungwa akaenda hospitali kujifungua. Wanawake wa majirani walikuwa wanakwenda leo wanarudi kesho, mtoto kwenye shuka. Mama yangu hakurudi kesho wala kesho kutwa. Shangazi Nyambura, dada ya baba, akaja kukaa nasi pamoja na binti yake Wairimu. Siku ya tatu nikiwa naosha vikombe nilimsikia shangazi akimwambia jirani pale mfereji:

"Mtoto ni mzima, msichana. Lakini Mama Wambui, ai! Damu imeisha mwilini. Nimemwona na macho yangu. Ameenda akarudi."

"Ameenda wapi?"

"Wapi tena? Huko. Amekufa akarudi."

Wambui ndiye mimi. Sasa wewe mtoto wa miaka minane, usikie mama yako amekufa akarudi, tena isemwe kwa sauti ile ya kuuliza bei ya sukuma wiki.

Ili nisilie-lie ndani ya nyumba, Wairimu akaamua kunipeleka sinema. Wairimu alikuwa na miaka kumi na minne na alijua kila kitu, na asichokijua alikibuni papo hapo. Kwetu sinema ilikuwa dhambi. Mama alikuwa wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, na alisema wazi kwamba mtu akifia ndani ya sinema malaika hawaingii humo kumchukua. Kwa hivyo tulienda kwa siri, mchana, baada ya chakula, na Wairimu akaniapisha nisimwambie mtu. Hicho kiapo ndicho kilichoharibu kila kitu.

Sinema yenyewe haikuwa ya picha mpya. Picha mpya zilikuwa za mjini kati. Zikishachakaa huko, zikakatika na kuungwa na gundi, ndipo zililetwa kwetu Eastlands, na kila likizo zile zile zikarudishwa, mpaka watoto wengine walikuwa wanasema maneno kabla watu wa kwenye pazia hawajafungua midomo. Mlangoni alikaa mzee mmoja Mluhya, mrefu, mwenye koti la askari lisilo na vifungo. Tuliingia. Na hapo, jamani, harufu! Watu walikuwa hawataki kukosa hata dakika moja ya picha, kwa hivyo wanaume walimalizia haja pale pale ukutani nyuma. Juu ya mikojo kulikuwa na moshi wa sigara, maganda ya machungwa, na jasho la watu waliokaa humo tangu asubuhi. Nilikalia kiti chenye majimaji. Mpaka leo sijui yalikuwa nini na sitaki kuambiwa.

Picha ilikuwa ya wanyonya damu. Watu walisema ni ya kuiga: kwamba kulikuwa na picha nyingine kubwa za namna hiyo, zilizotengenezwa na watu wa pesa, halafu hawa wengine wakaziona wakasema, hata sisi tunaweza. Midomo ya watu ilienda upande huu na sauti ikaja baadaye. Na ilikuwa imezeeka. Rangi zote zilikuwa zimeondoka ikabaki nyekundu peke yake, kwa hivyo mbingu ilikuwa ya pinki, meno ya pinki, shuka za pinki, kila kitu rangi ya nyama iliyoanza kuharibika. Damu ndiyo haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuvutika. Mimi damu ile niliijua. Niliiona kila siku kwenye karai la baba.

Hadithi yake nilielewa vizuri, wala haikuhitaji Kiingereza. Bibi wa tajiri fulani anajifungua, damu inamwisha, anakufa. Bwana anakataa kumzika. Anamleta nyumbani, anamlaza chumba cha ndani, anashusha mapazia, na kila siku anamletea bakuli limefunikwa kitambaa. Bibi anakunywa, kidevu kinachuruzika. Hataki jua, likimgusa anapiga kelele. Hataki kitabu cha Mungu, anakisukuma. Halafu pole pole anaanza kumwangalia mtoto wake. Shingo ya mtoto. Siku moja yule yaya anamgeuza mtoto na kuona alama mbili nyekundu kisogoni.

"Mtoe huyo mtoto!" watu wakapiga kelele ukumbini. "Yaya, mbona umezubaa? Kimbia naye!"

"Anangoja basi!" mwingine akadakia, na watu wakacheka, lakini mimi sikucheka.

Bibi akainama juu ya kitanda cha mtoto. Akafungua mdomo. Na hapo hapo picha ikasimama, ikatokea shimo la kahawia katikati ya uso wake, likapanuka, uso ukaungua kama karatasi, na taa zikawaka. Miluzi, matusi, viti kupigwa mateke. Yule mzee wa mlangoni akaja mbele akasema imeisha, twende nyumbani.

Njiani nilimuuliza Wairimu kama mtoto alipona.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Kama kuna mtu alimtoa mapema."

Kesho yake mama akaletwa nyumbani.

Aliingia akishikwa huku na huku, baba mkono wa kulia, shangazi wa kushoto, na Wairimu nyuma yao amembeba mtoto. Mama yangu alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa. Huyu aliyeingia alikuwa na rangi ya majivu, midomo imepauka, na macho yamerudi ndani. Akanitazama akajaribu kutabasamu, na ufizi wake ulikuwa mweupe. Wakamlaza nyuma ya lile pazia la buluu. Shangazi akatundika blanketi dirishani, kwa sababu kwetu mzazi mchanga hafai kupigwa na upepo wala macho ya watu. Anakaa ndani mpaka apate nguvu. Hiyo desturi nimekuja kuijua mimi mwenyewe nilipozaa. Wakati ule nilichoona ni chumba cha ndani na mapazia yameshushwa.

Halafu baba akaja kutoka Burma na sufuria imefunikwa gazeti.

Ilikuwa supu ya kichwa na miguu ya mbuzi, na ndani yake damu iliyopikwa na mafuta. Mama yake baba alimfundisha kwamba mwanamke aliyemwaga damu kwa uzazi hupikiwa hiyo ndipo asimame. Nasikia wengine hawafanyi. Baba alifanya. Alipita mbele yangu akiibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka, na ule mvuke ukanipiga usoni: chuma, mafuta, utumbo.

"Mama Wambui, kunywa ingali moto," nikamsikia nyuma ya pazia.

"Baba Wambui, inanishinda."

"Jikaze. Kwa sababu ya watoto."

Nikachungulia. Mama alikuwa ameshika bakuli. Alikunywa macho yamefumbwa, na aliposhusha bakuli, juu ya mdomo wake wa majivu kulikuwa na mstari mweusi, mzito. Akatoa ulimi akaulamba.

"Wambui, njoo nikushike," akasema. "Njoo, mama. Siku ngapi hatujaonana?"

Nikarudi nyuma mpaka nikagonga meza. Mama akaushusha mkono wake pole pole. Niliona vile ulivyoshuka, na hata hivyo sikwenda.

Msifikiri nilikuwa mjinga wa kuamini tu. Nilimpima. Asubuhi niliinua kona ya blanketi pale dirishani, jua likamwangukia usoni, akajifunika akasema, "Funga, Wambui, macho yananiuma." Nikachukua Biblia yake, ile yenye zipu, nikamwekea kifuani. Mama yangu, ambaye hakuwahi kulala bila kuisoma! Akaisukuma kando. "Weka mezani, mama, ni nzito, sina nguvu." Nikatoka nje nikajikunja kwenye ngazi kama mtu wa baridi, na jua lote lile la Disemba.

Siku ya tatu tangu mama aletwe, shangazi alimwosha mtoto kwenye karai mbele yangu. Alipomgeuza kifudifudi ili amsugue mgongo, nikaona. Kisogoni, chini ya nywele, alama mbili nyekundu.

"Shangazi, hizi ni nini?"

"Hizo? Watoto wengine huzaliwa nazo. Zitatoka."

Lakini alisema bila kunitazama, na mimi nikajua naye anaficha.

Ningemwambia nani? Baba ndiye aliyeleta sufuria. Shangazi ndiye aliyetundika blanketi. Kanisani ningeulizwa, na wewe hayo mambo umeyaona wapi? Wairimu alikuwa ameshaenda kusukwa nywele huko Bahati na hangerudi mpaka kesho. Nikafikiria, nikafikiria, nikaona mtu anayeweza kunisaidia ni mmoja: yule mzee wa sinema. Yeye picha ile ameiona kila likizo. Yeye anajua kama mtoto alipona, na kama alipona, walifanya nini.

Mchana, shangazi akiwa mfereji na mama amelala, nikaingia nyuma ya pazia. Hapo ndani kulinuka. Maziwa yaliyochacha, damu ya uzazi, na ile sufuria chini ya kitanda imefanya utando juu. Nilibana pua kwa mkono mmoja. Mtoto alikuwa amelala kwenye kwapa la mama. Nikamvuta taratibu, nikamfunga kifuani kwa leso, nikatoka. Hakulia. Njeri tangu azaliwe ni mtu wa kulala.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti la soda akinywa uji.

"Shikamoo. Ile picha ya bibi anayekunywa damu. Yule mtoto alipona?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto wake. Pale ilipoungua."

Mzee akacheka, uji ukamwingia kwenye ndevu. "Hata mimi sijui, mama. Hiyo picha huwa haina mwisho. Mkanda wa mwisho haujawahi kuletwa hapa. Ikifika hapo mimi nawasha taa, watu wanatukana, wanaenda. Miaka yote." Halafu leso ikasogea. Akaweka kikombe chini. "Na huyo ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Ana siku ngapi? Mama yake yuko wapi?"

"Mama ni mmoja wao," nikasema, na ndipo nikaanza kulia. "Amekufa akarudi. Baba anampa damu kwa sufuria. Mtoto ameshatiwa alama."

Mzee hakucheka tena. Alifunua kidogo akatazama uso wa mtoto, akasema jambo kwa Kiluhya, kisha akanishika bega. "Twende. Unionyeshe nyumbani. Haraka, lakini usikimbie, utamwangusha."

Tulipopinda kona ya kwetu, niliona watu wamejaa barabarani. Wanawake wameshika vichwa, watoto wamepanda kwenye ukuta wa mfereji. Katikati yao, kwenye jua la saa saba mchana, alikuwa mama yangu.

Alikuwa ametoka bila viatu, bila kitambaa kichwani, na gauni lake la kulalia. Mama ambaye hata kuanika nguo alijifunga leso mbili. Alikuwa anaenda mlango hadi mlango akiushika ukuta. Na miguu yake, kuanzia magotini hadi visigino, ilikuwa inatiririka damu. Nyekundu. Ilikuwa nyekundu kabisa, siyo ile nyeusi ya picha. Kila alipokanyaga aliacha unyayo, na inzi walikuwa tayari wamefika. Jua lilimpiga usoni na hakuungua. Nilisimama pale nikingoja aungue.

Akaniona. Akafungua mikono.

Na mimi, mbele ya mtaa mzima, nikamgeuzia mgongo, nikamkumbatia mtoto, nikapiga kelele: "Usimkule! Usimnyonye damu!"

Kisha mwanamke mmoja akacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Mzee wa sinema ndiye aliyefungua leso akamtoa mtoto kifuani mwangu, akampelekea mama akiwa ameinamisha macho. Mama akaketi chini kwenye vumbi, pale pale, akatoa titi, akanyonyesha. Hakunitazama mimi. Alitazama mkono wangu, maana nilikuwa bado nimebana pua.

Alirudishwa hospitali jioni ile, na Krismasi ikapita bila yeye. Sufuria ya baba ilikaa chini ya kitanda siku nne, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa, mpaka funza wakaingia. Shangazi alinipa mimi nikaioshe. Niliosha na mchanga, nikatapika ndani yake, nikaosha tena. Mama alipona. Njeri akawa mtoto wake wa mwisho. Sitasema ni kwa sababu yangu. Wala sitasema si kwa sababu yangu.

Mama hakuwahi kulitaja jambo lile. Si kunichapa, si kuniuliza. Miaka ikaenda, nikaolewa, nikapata kifungua mimba wangu, na mimi nikamwaga damu vilevile. Nikalazwa nyuma ya pazia langu mwenyewe, nikinuka vile alivyonuka yeye. Siku ya pili mlango ukafunguliwa, mama akaingia na sufuria imefunikwa gazeti. Akamimina kwenye bakuli, akaniinua kichwa.

"Kunywa."

"Mama, inanishinda."

"Kunywa yote," akasema, uso mkavu kabisa. "Na usijikunyate hivyo. Sijaja kwa ajili ya shingo ya mtu."

Nikamtazama. Alikuwa anapuliza bakuli. Nilikunywa, nikatapika juu ya leso yake nzuri, na yeye akanisugua mgongo mpaka nikamaliza, bila kubana pua. Pale ndipo ningeomba msamaha. Niliomba maji.

Mama sasa hayuko, tulimzika kabla ya mvua za Aprili. Disemba hii iliyopita Njeri amekuja kama kawaida, akihema, na gazeti lake. Akainama juu ya meza kukata, na kwa kuwa siku hizi hunyoa nywele chini, nikaziona kisogoni. Hazikutoka. Shangazi alidanganya hilo, au hakujua.

"Dada, onja hata kidogo tu," akasema bila kugeuka. "Mama alikuwa anaipenda."

"Mama hakuwa anaipenda," nikamwambia. "Alikuwa anaimeza. Kata kipande."

Wajukuu wakaacha kutafuna wakanitazama. Nikakitia mdomoni. Kilikuwa kile kile, chuma na mafuta na utumbo, kibaya kuliko nilivyokumbuka. Nikakitafuna mpaka mwisho, nikameza, kisha nikamwambia Njeri aketi, kuna jambo lake nataka kumweleza.